Nani Amemleta Huyu?

Watu husema sabuni ya mche haina harufu. Waongo. Ina harufu yake, na mimi huisikia hata nikiwa nyumba ya pili. Mwezi uliopita nilikwenda kwenye mkutano wa wazazi shuleni kwa binti yangu, hapa Kilifi, mkutano ule wa kufungua mwaka ambapo tunaambiwa maneno yale yale ya soksi na kuchelewa. Nje, penye mfereji wa kunawia, walimu walikuwa wametundika kipande cha sabuni ya mche ndani ya wavu wa vitunguu. Nikanawa, nikaleta mikono puani, na miguu ikagoma. Wenzangu wote wakaingia, mimi nikabaki pale kama niliyesahau njia ya kwetu, mpaka binti yangu akaja kunivuta. "Mama, njoo basi, wanaanza!"

Sikumweleza kitu. Angeuliza maswali, nami nikikaribia kulia mbele ya watu huwa mkali, nikamwambia tu atangulie. Lakini tangu siku hiyo mikono ya mama hainitoki akilini, mikono iliyokuwa na harufu ya sabuni tupu, na huo mkutano wa kwanza wa shule maishani mwangu, niliokwenda peke yangu. Mama mwenyewe ameshatangulia mbele ya haki. Hayupo wa kunisahihisha, kwa hivyo nitasimulia ninavyokumbuka mimi.

Kabla ya hapo mama alikuwa mwanamke wa harufu. Usicheke, aliyekulia Malindi anajua nisemalo. Asumini kwenye nywele, udi kwenye nguo, hina viganjani, na mafuta ya nazi aliyoyatia viungo kwa mkono wake. Ungefumba macho ungejua yuko chumba gani. Nyumba yetu pale Shella haikuwa kubwa wala ya maana, lakini mtu akipiga hodi husema kwanza, "Mashaallah, kwanukia," ndipo akaamkia. Kisha baba akaugua, akafa, na harufu zile zote zikatoka nyumbani siku moja.

Baba alikuwa seremala wa milango. Alipougua alilazwa chumba cha mbele, wageni wapate kumjulia hali bila kuingia ndani. Walikuja wengi. Kila mmoja alisema, "Atapona, inshallah," nami niliamini, maana waliosema si watoto wenzangu, ni watu wazima wenye ndevu zao. Siku ya mwisho alikuja mtu nisiyemjua, mzee mrefu aliyevaa koti juu ya kanzu. Hakukaa. Hakusema atapona. Alisimama mlangoni, akamtazama baba, akatikisa kichwa, akaenda zake. Mimi nilikuwa pale pale, nimeshika pazia, namtazama baba kama alivyomtazama yeye. Haikuchukua muda nyumba ikajaa vilio.

Mpaka leo simjui yule mzee ni nani. Huenda alikuwa mteja wa milango tu, masikini, aliyekuja kumwangalia mgonjwa akaona hali si hali. Lakini kichwani mwangu jambo lilikuwa limeshajifunga. Mgeni alimtazama baba, na baba akafa.

Baada ya maziko mama akakaa eda. Watu wa pwani hamhitaji kufundishwa: mke akifiwa hukaa ndani miezi minne na siku zake, hatoki, hajipambi, hajifukizi, na wanaume wa kando hawamwoni. Hayo nayajua leo. Wakati ule hakuna aliyenieleza lolote. Mtoto haelezwi, mtoto huambiwa, "Hebu pisha hapo." Nilimwona tu mama amehamia chumba cha ndani, amevaa nguo nyeupe isiyo na ua hata moja, macho hayana wanja, anaoga kwa sabuni ya mche na kutoka akiwa hana harufu ya mtu ninayemjua.

Bibi, mamake mama, alitoka Mambrui kuja kumkalia mwanawe. Miguu yake ilikuwa imevimba na haendi mbali, lakini sauti yake ilikuwa nzima, na hiyo ndiyo ilikuwa askari wetu. Muuza samaki akipiga hodi, Bibi alimfokea kutoka ukumbini, "Simama hapo hapo! Humu mna mtu wa eda, haonekani!" Fundi wa mfereji alirudishwa na spana zake, na maji yakaendelea kuvuja wiki nzima. "Akionekana, si mtakuwa mshaniharibia mwanangu eda yake?" akasema Bibi. "Mfereji utangoja."

Basi nikajumlisha. Baba alitazamwa na mgeni, akafa. Mama amefichwa ili wageni wasimtazame. Wanawake wa mtaani waliingia na kutoka, kweli, lakini hao nilikuwa nawajua wote kwa majina, na hao hawakuwa na neno. Hatari ilikuwa kwa wageni. Niliona ni jambo la wazi kabisa, na nikaona Bibi ni mtu wa akili sana. Nilianza kumsaidia. Nilikuwa nikiziba upenyo wa dirisha la chumba cha ndani kwa leso, na mama alipouliza kwa nini namzibia hewa, nilikimbia.

Kisha nikaanza kuogopa macho yangu mwenyewe. Si nami nilimtazama baba siku ile? Nani ajuaye kama ni macho ya yule mzee yaliyomuua au ni yangu? Nikaacha kumtazama mama. Nilikula nimeelekea ukutani. Akiniita nilikwenda nikiangalia vidole vyangu vya miguu. Wakati mzuri ulikuwa wa kusukwa nywele, kwa sababu hapo yeye hukaa nyuma yangu na mimi hukaa kati ya magoti yake, naisikia mikono yake bila kumwona. Siku moja akasita katikati ya kusuka, akasema, "Mwanangu, hunitazami siku hizi. Nimekukosea nini?" Nikainamisha kichwa zaidi. Nilimpenda sana, na sikuwa na njia ya kumwambia.

Ndipo shule ikafunguliwa. Baba alikuwa ameshaniandikisha darasa la kwanza kabla ya kuugua, katika shule iliyokuwa karibu na karakana yake, ng'ambo ya soko, mbali na mtaani kwetu. Alitaka tuwe tunakwenda pamoja asubuhi. Kabla ya masomo palikuwa na mkutano, na kila mtoto mgeni alitakiwa afike na mzazi. Mama yuko ndani. Bibi na miguu ile haendi. Ami, nduguye baba, aliyekuwa akifanya kazi ya jikoni katika hoteli moja kule Watamu, akasema liko kwake. "Nitakuwa getini kabla yenu," alimwambia Bibi. "Mpakieni tu kwenye tuktuk ya jirani, mimi nitampokea hapo."

Asubuhi ile mama alinivalisha sare kwa kupapasa, maana nilikuwa nimefumba macho, akanisindikiza mpaka kwenye pazia la ukumbini. Hapo ndipo ulipoishia ulimwengu wake. Akaniinamia sikioni. "Ukifika umsalimu mwalimu. Mwambie mamako anamsalimu sana, na ataonana naye siku zake zikiisha." Mimi nikaona, hee! Mama naye kweli hajijui. Nikataje mbele ya mgeni kwamba ninaye mama, na kwamba yuko nyumbani?

Ami hakuwepo getini. Nilisimama mpaka mlinzi akaniambia niingie, mzazi wangu atanikuta huko huko. Mkutano ulikuwa katika madarasa mawili yaliyoondolewa ukuta wa mbao katikati. Wazazi walikuwa wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika videvuni, wanaume upande wa madirisha na akina mama upande wa mlango. Nikapata dawati, nikaweka mkoba wangu kwenye nafasi ya pili ili asiikalie mtu. Akina mama wakaja mmoja mmoja. "Hapa pana mtu?" "Pana mtu," nikajibu. Mwishowe wakaacha kuuliza, wakawa wananitazama mimi na mkoba wangu, kisha wanatazama kando.

Tuliombewa mara mbili, dua ya Waislamu kisha sala ya Wakristo, asibaki mtu amenuna. Halafu akasimama naibu wa mwalimu mkuu, Mwalimu Charo, mtu mfupi mwenye sauti isiyolingana na kifua chake. Alizungumza habari za soksi. Alizungumza habari za kucha. Alipofika kwenye wazazi wasiofika shuleni, mishipa ikamtoka shingoni. "Mtoto si gunia la mkaa, ulishushe getini uende zako!" akasema. "Mimi sipokei gunia hapa. Mwenye mtoto na amlete kwa mkono wake na kwa mdomo wake!"

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya shule ile, na sijaiona kwingine. Mtoto mgeni huitwa jina, husogea mbele na mzazi wake. Mzazi humwekea mkono begani na kusema, "Nimemleta." Mwalimu wa darasa humshika mkono na kujibu, "Nimempokea." Ungedhani watu wanaozana. Makofi hupigwa, na mtoto huenda kukaa upande wa pili, upande wa waliopokewa. Asiyekuwa na wa kumleta alibaki upande wa huku, na asirudi shuleni mpaka ampate mtu wa kusema neno hilo.

Wakaitwa. Nimemleta, nimempokea. Nimemleta, nimempokea. Kulikuwa na mzee aliyesema kwa sauti ndogo mpaka akarudishwa aseme tena, na mama mmoja aliyecheka akashindwa kusema kabisa, wakampokea mtoto hivyo hivyo. Upande wa pili ukajaa vitoto vinavyosukumana. Upande wetu ukapungua, dawati kwa dawati, nami nikiutazama mlango. Kila kivuli kilichopita nje nilisema ni Ami. Nikabaki mimi na mkoba wangu.

Jina langu likaitwa. Nikaenda mbele.

"Nani amemleta huyu?" akauliza Mwalimu Charo.

Wazazi wakageukiana.

"Nauliza, nani amemleta huyu?"

"Tuktuk," nikasema.

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu Charo naye alitaka kucheka, nikauona mdomo wake ukipambana. "Tuktuk haina mdomo wa kusema nimemleta. Babako yuko wapi?"

"Amekufa."

Kicheko kikakatika. Yule mtu mfupi akachutama mbele yangu, na sauti yake yote ikamwishia. "Pole, mwanangu. Na mamako je?"

Nikatazama nyuma yake. Chumba kizima cha macho, ya watu nisiowajua hata mmoja, na yote yanangoja kuambiwa mama yuko wapi. Nikisema yuko nyumbani, watataka kumwona. Watamwendea. Hata kama wakienda kwa wema, si yule mzee wa koti naye alikuja kwa wema?

"Sina mama," nikasema.

"Amekufa naye?"

"Ndiyo. Amekufa."

"Masikini ya Mungu!" akasema mtu. Wanawake wakapiga mapaja, mmoja akaanza kujipangusa macho kwa upindo wa leso, na Mwalimu Charo akabaki amechutama hajui la kufanya na mikono yake. Ndipo akanyanyuka mwanamke mmoja kutoka dawati la nyuma. Dawati lilimng'ang'ania kidogo, akalivua kama anavua kiatu kinachobana. Alikuwa Mgiriama wa kutoka Magarini, muuza nazi pale sokoni, amejifunga leso mbili zisizofanana. Kila mtu alimwita Mama Kadzo, kwa jina la bintiye aliyekuwa amepokewa muda mfupi uliopita.

"Hebu nipisheni," akasema. Akafika, akaniwekea mkono begani. Ulikuwa mzito na mkavu, wenye makovu ya kufua nazi. "Mwalimu, huyu nimemleta mimi."

"Mama Kadzo, wewe umeshamleta wako."

"Kwani Mulungu alinipa mkono mmoja? Ninayo miwili. Nimesema nimemleta. Mpokeeni tutoke, watoto wana njaa."

Mwalimu wa darasa, Mwalimu Rehema, akanishika mkono. "Nimempokea," akasema. Makofi yakapigwa kuliko ya wote waliotangulia.

Ningepaswa kufurahi. Mama alikuwa salama, na mimi nilikuwa mtoto wa shule. Lakini nilipokaa upande ule wa waliopokewa nililia mpaka kamasi, kwa sababu neno nililolisema lilikuwa limeingia katika masikio mengi mno na sikujua namna ya kuliondoa. Siku ya maziko ya baba nilikuwa na mama. Siku hii nilimpoteza mwenyewe, kwa kinywa changu, ili asipotee. Sijui kama nimewahi kuwa mpweke hivyo tena, na nimepita mengi.

Niliporudi nyumbani Bibi akauliza, "Je, Ami wako alifika?"

"Nimepokewa," nikasema.

"Alhamdulillahi. Mtu mwenye ahadi yule." Ami mwenyewe, tulikuja kujua baadaye, alinyimwa ruhusa kwa kuwa hoteli ilijaa wageni, na haya zikamzuia kuja kusema. Mama akauliza kutoka nyuma ya pazia, "Mwalimu umemsalimu?" Nikatikisa kichwa kukubali, nikilitikisia pazia.

Kuanzia hapo nikawa yatima shuleni. Si kazi nyepesi. Mwalimu Rehema alikuwa amewaambia wenzangu wanihurumie, na wao walitii kwa bidii. Waliniachia bembea. Hujaujua upweke mpaka uachiwe bembea nzima, wewe peke yako unakwenda mbele na nyuma, na darasa lote limesimama pembeni mikono nyuma linakusikitikia. Nikicheka walitazamana. Nikianguka walikuja wengi mno.

Mama Kadzo ndiye hakunisikitikia. Alipita mchana kumletea bintiye muhogo wa kukaanga uliokamuliwa ndimu, akaanza kuleta wa watu wawili. Alinikagua kucha, alinipangusa pua kwa leso yake, alinigombeza nilipomaliza pilipili na kuacha muhogo. Kadzo hakupendezwa. "Huyu ni mama yangu," alinionya siku moja, kwa sauti ya chini. "Nimekuazima tu. Usimzoee." Mimi nilikuwa nimeshamzoea. Huyu alikuwa mama anayeonekana. Nilimtazama uso wake wote, mianya ya meno, jasho la juu ya mdomo, nikashiba, mpaka akaniuliza, "Wee, nina pembe?" Kisha tuktuk ilinirudisha Shella, na mimi nikageukia ukuta wangu.

Ijumaa moja, masomo yalipokwisha, Mama Kadzo akaingia kwenye tuktuk pamoja nami, na kikapu cha nazi mapajani. Nikamwuliza anakwenda wapi. "Kwenu," akasema. "Nina wiki nyingi nalea mtoto wa watu, na wakubwa wake sijawapa hata mkono wa pole. Ni adabu gani hiyo?" Njia nzima nilitafuta la kumzuia. Nilimwambia nyumbani hakuna mtu. Akasema atangoja mlangoni. Nilimwambia Bibi ni mkali. Akasema hata yeye ni mkali.

Tukafika. "Hodi!" akaita, na Bibi aliposikia ni sauti ya kike akajibu, "Karibu, karibu ndani!" Mama Kadzo akavua viatu, akakaa mkekani, akapokea maji, akanywa. Bibi hakuwa anamjua, lakini mgeni haulizwi kabla hajapumua. Mimi nikasimama mbele ya pazia la chumba cha ndani, nimelipa mgongo, mikono nimeitandaza.

"Mama, poleni sana," akaanza Mama Kadzo. "Nimechelewa kuja, mnisamehe."

"Tushapoa, mwanangu. Kazi ya Mungu haina makosa."

"Haina, lakini hii ilikuwa nzito. Wote wawili, jamani! Mtoto mdogo hivi."

Bibi akaacha kujipepea. "Wote wawili nani?"

"Si baba mtu na mama mtu? Mtoto mwenyewe alisema pale mkutanoni, hana baba, hana mama. Ndiyo nikamshika mkono. Ningemwacha amesimama pale?"

Bibi akanigeukia mimi. Nyuma yangu nikasikia kitanda kikilia, na hatua za miguu mitupu. Pazia likanipapasa mgongo, kisha likafunguka juu ya kichwa changu.

"Mimi ndiye mama mtu," akasema mama. "Sijafa."

Nilipiga yowe. Nilimrukia Mama Kadzo pale mkekani, nikamziba macho kwa viganja vyote viwili, na glasi ya maji ikaenda upande wake. "Usimtazame!" nikalia. "Usimtazame mama! Atakufa! Fumba macho, Mama Kadzo, fumba!"

"Uuwi! Mtoto ananipofua!"

Bibi akanikamata kiuno akanivuta, miguu imevimba kama ilivyovimba, huku akisema, "Astaghfirullah! Mtoto kamzika mamake mzima! Kumbe huko shuleni tushasomewa na hitima!" Nami nilikuwa nikipiga mateke, maana nilikuwa nimeona. Mama Kadzo alikuwa amefumbua macho. Alikuwa ametazama. Alimtazama mama kuanzia kichwani mpaka miguuni, ile nguo nyeupe, ule uso usio na wanja, na nikaona akiyaweka pamoja polepole. Akajishika mashavu.

"Mulungu wangu. Uko kwenye eda, mwenzangu. Na mimi nimekuja kukulilia."

"Umekuja kwa wema," akasema mama. "Ahsante kwa kunisimamia mtoto. Sikujua kwamba alisimama peke yake."

Mgeni hakukaa sana baada ya hapo. Mama Kadzo aliacha nazi zote kikapuni, na kikapu chenyewe, akamwambia Bibi jambo mlangoni lililowafanya wote wawili wajipanguse macho. Kabla ya kuvaa viatu akanigeukia akasema Jumatatu ataleta muhogo kama kawaida, yatima au si yatima. Kisha akaondoka, na Bibi akaenda jikoni kukasirika na masufuria.

Mimi nikakaa chini, kwenye kizingiti cha chumba cha ndani, miguu nimeikunja. Mama alikaa ukingoni mwa kitanda chake. Jua la alasiri lilikuwa limeingia kwa ule upenyo wa dirisha ambao sikuuziba siku ile.

"Unafanya nini hapo?" akauliza mama.

"Nangoja."

"Wangoja nini?"

"Amekuona," nikasema, nikiitazama sakafu. "Mgeni alimtazama baba, akafa. Na wewe amekutazama."

Mama hakucheka, na hilo namshukuru mpaka kesho. Alilitazama dirisha. "Ndiyo maana ulikuwa ukiziba dirisha?"

"Ndiyo."

"Na hunitazami?"

"Na mimi nilimtazama baba."

Nikasikia akivuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. "Ya Rabbi. Mimi nilidhani umenichukia," akasema. "Nilikaa humu ndani nikidhani mwanangu anaona nimemwacha babake afe, hataki hata kuniona uso. Kila siku nilisema leo nitamwuliza, kisha naogopa utakavyonijibu." Akapangusa pua kwa upindo wa nguo yake. "Macho hayaui mtu, mwanangu. Babako aliugua. Mimi sifi kwa kutazamwa."

"Mlisema baba atapona," nikamwambia.

Nilikuwa nimesema kweli na yeye alijua ni kweli. Mtu mwingine angenigombeza, au angeapa, au angemwita Bibi aje anieleze dini. Mama alishuka kitandani, akaja akakaa kwenye kizingiti kando yangu, bega kwa bega, akakiegemeza kichwa chake kwenye mwimo wa mlango.

"Kweli tulisema," akasema. "Basi usiniamini. Tungoje sote, tuone."

Tukangoja. Mama hakuwa ameketi na mtu bila kupewa pole tangu kufiwa, wala mimi. Baada ya muda nikahisi bega lake likizidi kuwa zito, nikajua amesinzia, nikaogopa asiamke. Ikabidi nimtazame. Nilianza na mikono, nikapanda kwenye shingo, kisha nikafika usoni. Alikuwa amekonda. Alikuwa na mistari miwili kando ya mdomo niliyokuwa siijui, na nywele nyeupe moja kwenye paji la uso. Nikautazama uso ule bila kupepesa, kisha nikakitazama kifua chake, kikipanda, kikishuka, kikipanda, na sikuthubutu kuangalia kwingine mpaka adhana ya magharibi ikaanza, na Bibi akapita na kuwasha taa ya ukumbini.

Mama akafumbua macho, akanikuta namtazama.

"Bado nipo?" akauliza.

"Upo."

"Na wewe je?"

Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo tangu baba afe. Nikamwambia na mimi nipo.